Mwenye Kovu

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya saa moja asubuhi,
napanda Margeride na kisanduku changu cha barafu
kikitikisika kwenye kiti cha abiria kama mtoto mtundu.
Januari theluji hufuta barabara. Nafuata nguzo za umeme.
Noémie Chaptal ananisubiri jikoni,
mkono wa sweta ameshaukunja hadi begani,
kana kwamba kuchelewa kwangu ni deni lake.

Mshipa wake hausumbui. Sindano moja tu.
Kichupa, kizibo cha njano, jina, tarehe, wiki za ujauzito.
Ananimiminia kahawa. Nainywa nimesimama.

Kinachotafutwa humo hakionekani kwa macho:
kijidudu kiishicho tumboni mwa paka,
huanguka na mavi kwenye nyasi, kwenye letusi,
kondoo akakila, na kondoo
akaporomosha mimba usiku mmoja kama atemaye kokwa.
Noémie anajua. Mwaka juzi, majira ya kuzalisha,
alihesabu kumi na tisa juu ya majani makavu,
wadogo kama glavu zilizolowa,
akayazoa makondo yao kwa mikono mitupu.
Kondo, kondoo: irabu moja tu iliyosimama katikati.
Yeye hakuugua.

Karatasi ya kwanza ya maabara ilisema: hana kinga.
Akafurahi. "Kwa hiyo niko safi?"
Nikavuta kiti. Safi, ndiyo,
kama ukuta usiowahi kupigwa na mvua,
na hakuna ajuaye kama utasimama.
Odette, mama mkwe wake, akacheka pale jikoni.
Yeye alipimwa zamani, akiwa na mimba ya Gaétan,
wakamkuta aliugua utotoni bila kujua:
tezi shingoni, homa ya siku tatu, basi.
Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.
Kwa ugonjwa huu, mwenye kovu
ndiye alalaye usingizi.

Ikaanza miezi ya makatazo.
Nyama iive hadi iwe soli ya kiatu.
Letusi ioshwe mara tatu, na mara ya nne kwa ajili ya wasiwasi.
Paka wao, aitwaye Mkuu wa Mkoa,
akahamishiwa ghalani bila barua ya uhamisho.
Na zizi, Machi yote, likawa marufuku:
Gaétan aliingiza mkono peke yake ndani ya kondoo
huku mkewe amesimama nje ya mlango, akielekeza kwa sauti,
"Geuza bega. Si hilo. Lile jingine!"

Mimba ilipotimiza miezi sita
karatasi ilikuja na nambari ndogo iliyoinua kichwa.
Sikupiga simu. Nilipanda.
Nikavuta damu tena, nikamwambia ukweli:
kipimo hiki huweza kusema uongo,
wiki tatu ndizo zitakazotujibu.
Hakulia. Aliuliza kama mtoto atazaliwa haoni.
Nikasema huenda, na huenda hapana,
na hilo neno huenda likakaa mezani pao siku ishirini na moja
kama mgeni asiyejua kuaga.

Ulikuwa uongo wa mashine.
Sijawahi kuupenda uongo namna ile.
Niliegesha gari kando ya daraja, nikala andazi zima.

Msichana alizaliwa Juni, kilo tatu na robo.
Wakamwita Philomène, jina gumu kwa kitu chepesi vile.
Baadaye nikapanda kwa ajili ya kichupa cha mwisho.
Mtoto ananyonya upande wa kushoto; mkono wa kulia
Noémie akaunyoosha juu ya meza, bila kuambiwa.
"Sasa je," akaniuliza, "naruhusiwa kuugua?"
Hakuwa anatania. Alikuwa anamfikiria wa pili.

Nilitafuta jibu, nikaishia kubandika plasta.
Mkuu wa Mkoa alikuwa amesharudi dirishani,
akijilamba mguu, polepole,
kama mtu aliyerejeshewa ofisi yake.